Laptopu inapata, simu hazipati: kisa cha IP ya kudumu kwenye ruta ya nyumbani

Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam. Intaneti inaingia kwa faiba, na juu ya bei ya kawaida mwenye nyumba analipia IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika, kila mwezi. Analipia kwa sababu ya kamera. Kaka yake anaishi Uingereza na amezoea kufungua kamera za getini na za uani akiwa hukohuko. Kwa matumizi hayo IP ya kudumu ni njia iliyonyooka. IP ikibadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa, aliye mbali hajui aite wapi. Na mtoa huduma akiwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kama mitandao mingi ya simu inavyofanya, mtu wa nje hana njia ya moja kwa moja ya kuingia ndani ya nyumba mojamoja.

Umeme ulikatika, uliporudi ruta ya zamani ikafa. Mpwa wa mwenye nyumba, kijana wa chuo, akaenda Kariakoo akanunua ruta mpya na kuifunga mwenyewe. Tangu hapo yakaanza malalamiko ambayo kila mtu nyumbani aliyaeleza kivyake. Mpwa alisema intaneti ipo na iko vizuri. Mama mwenye nyumba alisema hakuna kitu, waifai inashika lakini haifungui. Binti yake alisema inafungua, ila siku hizi bando lake linaisha upesi ajabu. Kaka wa Uingereza alisema kamera zinapotea jioni na kurudi zenyewe asubuhi.

Nilipoitwa, tayari walikuwa wamenunua kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai, na kuna mtu alishawaambia ruta ni ndogo, wanunue kubwa. Hili huniuma kila ninapolikuta. Mnara wa waifai kwenye simu ya mama ulikuwa umejaa sebuleni, chumbani na jikoni. Waifai ni njia kati ya simu na ruta, basi. Simu ikiandika kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti, inakwambia yenyewe kwamba kipande hicho ni kizima na tatizo liko mbele yake. Kuongeza nguvu pale ni kutupa pesa, na pesa ya watu walikuwa wameshaitupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu tuangalizie, maana huyu mwanangu anasema inafanya kazi, na mimi kwangu haifanyi. Mmoja wetu atakuwa muongo."

Hakukuwa na muongo, na neno hilo la mama ndilo lililonipa pa kuanzia. Laptopu na simu zinatumia ruta moja na waya mmoja wa kutokea, halafu moja inapata na nyingine haipati. Maana yake kuna kitu kwenye laptopu ambacho simu hazina, na hicho ndicho cha kutafuta kabla ya kugusa ruta.

Nikamwomba mpwa anitafutie karatasi ya mtoa huduma. Alipokuwa akiitafuta nikachomeka laptopu yangu kwenye ruta kwa kebo, ikiwa imeachwa ipokee kila kitu yenyewe kama simu zinavyofanya. Ikapewa IP 192.168.1.103, lango (kifaa cha kupitia kwenda nje) 192.168.1.1, na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP) ileile 192.168.1.1, yaani ruta yenyewe ndiyo inayopokea maswali ya majina na kuyapeleka kwa seva za mtoa huduma. Kisha nikapiga ping, yaani kukiita kifaa na kusubiri kiitikie, kwa kusogea hatua moja moja kuelekea nje. Ruta ikajibu. Lango la mtoa huduma likajibu. 8.8.8.8, ambayo ni seva ya DNS ya Google, ikajibu bila kupoteza hata pakiti moja. Nilipojaribu tovuti kwa jina lake, kimya.

Hapo sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa imeshaondolewa kwenye mashaka. Faiba ni nzima, IP ya kudumu inafanya kazi, na mtoa huduma hajaifungia ruta mpya. (Wapo wanaofunga IP ya mteja na anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ya ruta yake ya mwanzo. Ukibadilisha ruta, lango halikujibu mpaka uwapigie simu, au uiambie ruta mpya itumie MAC ya ile ya zamani. Hapa lango lilijibu, kwa hiyo sikupoteza muda huko.) Kilichokufa ni majina peke yake. Nikaandika nslookup, amri ya kuuliza jina kwa seva ya DNS, nikiielekeza kwa 8.8.8.8, jibu likaja papo hapo. Nikaielekeza kwa seva ya mtoa huduma, muda ukaisha bila jibu.

Nikamgeukia mpwa. "Laptopu yako umewahi kuiwekea DNS kwa mkono?"

"Eeh kaka, niliweka 8.8.8.8 muda mrefu tu, chuoni kulikuwa na shida ya mtandao."

Basi laptopu yake haikuwa ikiiuliza ruta majina. Ilimuuliza Google moja kwa moja, na njia ya kwenda kwa Google ilikuwa wazi. Simu za nyumbani zote ziliiuliza ruta, ruta ikawauliza mtoa huduma, na huko hakukurudi kitu. Hata bando la binti likapata maelezo. Simu nyingi za Android zikijiunga na waifai hujaribu kufungua ukurasa mdogo wa majaribio. Zikishindwa, zinahamia kimyakimya kwenye data za simu huku waifai ikiendelea kuonekana imeunganishwa. Yeye aliona mambo yanafunguka, kumbe alikuwa akiyalipia mwenyewe.

Kufikia hapo, mafundi wengi wangeingia kwenye ruta, wakafuta DNS za mtoa huduma, wakaweka 8.8.8.8, simu zikafunguka, wakapokea chao na kuondoka. Sikutaka kuishia hapo. Seva za DNS za mtoa huduma zinahudumia mtaa mzima. Kama zingekuwa zimekufa, Tabata nzima ingekuwa inapiga kelele. Kama jirani anazipata na nyumba hii haizipati, tatizo ni la nyumba hii, na kuficha dalili hakuliondoi. Nilipouliza zaidi, mpwa akakumbuka kitu alichokuwa hajakitilia maanani: kwenye laptopu yake kila kitu kinafunguka, isipokuwa ukurasa wa mtoa huduma wa kulipia bili. Huo alikuwa akiufungulia kwenye simu, kwa data.

Wakati huo karatasi ikapatikana. Anwani za nje ninazoandika hapa nimezibadilisha. Nimetumia kundi la 203.0.113, lililotengwa mwaka 2010 kwa ajili ya mifano kwenye maandishi, ili IP halisi ya nyumba ya watu isizagae. Mahesabu ni yaleyale. Karatasi ilisema: IP 203.0.113.42/29, lango 203.0.113.41, DNS 203.0.113.10 na 203.0.113.11. Mistari mitatu tu. Fomu ya ruta ina nafasi moja zaidi, ya sabneti maski, na karatasi haikuwa na mstari wenye jina hilo. Mpwa akajaza 255.255.255.0, kwa sababu ndiyo aliyoizoea kuiona kila mahali, hata upande wa ndani wa ruta hiyohiyo. Simlaumu hata kidogo. Maski ilikuwepo kwenye karatasi, imejibana ndani ya ile /29, na aliyeiandika alijua anampelekea mtu wa kawaida nyumbani kwake. Kumwandikia mteja 255.255.255.248 kwa urefu wake kungemgharimu sekunde chache.

Kazi ya maski ni kuiambia ruta ni anwani zipi ziko kwenye waya mmoja na yeye na zipi zinafikiwa kwa kupitia lango. Anwani ya IPv4 ina biti 32. Ukiandika /29, umesema biti 29 za mwanzo ni za mtandao, zinabaki 3, na biti 3 zinatoa anwani 8. Kwa nyumba hii ni kuanzia .40 hadi .47. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, katikati zinabaki sita: .41 ni lango, .42 ni ya mama. Kila kitu nje ya hizo nane lazima kipitie kwenye lango.

Ukiweka 255.255.255.0, ruta inaamini kwamba anwani zote 256 za 203.0.113 ni majirani zake. Ikitaka kuifikia .10 haiendi kwenye lango. Ni sawa na mtu anayemwita jirani juu ya ukuta wakati jirani huyo anakaa mtaa wa pili. Ruta inatangaza kwenye waya "nani ana .10?", hakuna anayejibu, na safari inaishia palepale. Kuna mitandao ambayo lango la mtoa huduma hujibu kwa niaba ya wengine, na huko kosa hili halionekani kamwe. Hapa halijibu.

Sasa tazama kwa nini kosa lilijificha vizuri namna ile. Lango, .41, limo ndani ya maski zote mbili, kwa hiyo linafikika. 8.8.8.8 iko nje ya zote mbili, inafikika. Dunia nzima inafikika. Zinazopotea ni zile zilizo ndani ya maski ya makosa lakini nje ya maski ya kweli, anwani 248 kati ya zaidi ya bilioni nne. Na ndani ya hizo 248 ndimo zilimo seva zote mbili za DNS, pamoja na ukurasa wa kulipia bili.

Nilitaka mpwa alione mwenyewe, kwa hiyo nikatoa kwenye ruta kebo inayotoka kwenye kisanduku cha faiba nikaichomeka kwenye laptopu yangu moja kwa moja, nikaingiza namba za karatasi kwa mkono na ile 255.255.255.0. Ping kwenda 203.0.113.10. Windows ikarudisha jibu kwamba mwenyeji huyo hafikiki, na jibu hilo lilitoka kwa 203.0.113.42, yaani kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisema imeita na haikuitikiwa. Nimewaona watu wakiusoma mstari huo na kulaumu seva ya mbali. Ujumbe wa kutofikika ukitoka kwenye anwani yako mwenyewe, pakiti haijatoka hata nje ya mlango wako. Nikabadilisha namba moja tu, 0 ya mwisho ikawa 248. Ping ileile ikajibiwa.

Tukairudisha kebo kwenye ruta, tukarekebisha maski, DNS tukaziacha kama karatasi inavyosema. Simu ya mama ikafungua. Nikamwomba binti azime data kabisa kisha ajaribu, maana bila kuzima data jaribio hilo halithibitishi kitu. Ikafungua. Ukurasa wa bili ukafunguka kwenye laptopu ya mpwa, na nikamshauri aitoe ile 8.8.8.8 ili siku nyingine laptopu yake iugue pamoja na wengine na iwe shahidi mwaminifu.

Zikabaki kamera, na hapa maski haikuwa na hatia. Kaka alikuwa akiingia kwa IP ya nje, na IP ya nje ilikuwa hai muda wote. Kupotea jioni na kurudi asubuhi hakufanani na mpangilio uliojazwa vibaya, kwa kuwa mpangilio mbaya ni mbaya saa zote. Kunafanana na kitu kinachotembea na ratiba ya watu.

DVR, mashine inayorekodi picha za kamera, ilikuwa na anwani yake ya ndani iliyowekwa kwa mkono, 192.168.1.108, na mpwa alikuwa ameielekeza ruta kwa usahihi kabisa: anayegonga kutoka nje kwenye poti fulani, yaani mlango wenye namba, apelekwe .108. Kitu ambacho hakukitazama ni ukurasa wa DHCP, ambako ruta hupangiwa anwani za kuvigawia vifaa. Ruta mpya ilikuja ikigawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Ile .108 ilikuwa katikati ya mfuko wa kugawia. Ruta ya zamani, kwa mujibu wa picha ambayo mpwa alikuwa ameipiga, ilikuwa ikigawa .2 hadi .64, ndiyo maana miaka yote hazikugongana.

Kwa kawaida ruta nzuri huchungulia kwanza kama anwani ina mtu kabla ya kuigawa, na simu nyingi pia huuliza. Lakini umeme ukikatika na kurudi, ruta inaamka mapema, simu zinajiunga hapohapo kwa kuwa zina betri, na DVR bado inahangaika kuamsha diski yake. Katika dakika hiyo .108 inaonekana tupu. Anaipewa mtu. Kisha DVR inaamka na kudai anwani yake ileile, haijui kuomba. Sasa wako wawili.

Tukakirudia kisa hicho kwa makusudi. Tukazima DVR, tukawasha upya ruta, tukaunganisha simu zote za nyumbani na zetu mpaka moja ikapewa .108, ilikuwa ya binti. Tukawasha DVR. Kwenye laptopu nikawa naandika arp -a, amri inayoonyesha kila IP ya ndani inashikwa na MAC ipi, na kuutazama mstari wa 192.168.1.108. Mwanzoni ulionyesha MAC iliyoandikwa kwenye stika nyuma ya DVR. Baada ya muda mfupi ukabadilika, ikaja MAC nyingine ambayo tarakimu yake ya pili ilikuwa a. Simu za siku hizi hujitungia MAC ya bahati nasibu kwa kila waifai, na MAC za kutungwa hutambulika hapo: tarakimu ya pili huwa 2, 6, a au e. DVR haifanyi hivyo. Wakati huo picha za kamera zikaganda. Binti anafanya kazi Posta, anarudi jioni na kutoka alfajiri, na simu yake ikiondoka nyumbani .108 inabaki ya DVR peke yake. Ratiba ya kaka wa Uingereza ikawa imeelezeka yote.

Mpwa akauliza kwa nini tusiiache DVR nayo iombe anwani kama simu. Ni swali zuri. Tungefanya hivyo, kesho ingepewa anwani nyingine na ule uelekezaji wa poti ungempeleka kaka kwenye simu ya mgeni. DVR lazima iwe na anwani isiyobadilika, ila isiwe kwenye mfuko wa kugawia. Tukaipeleka 192.168.1.250, mbali na mfuko wa ruta hii na hata wa ile ya zamani, na kwenye ruta tukaiwekea hifadhi kwa MAC yake ili .250 isiguswe hata mtu akija kuupanua mfuko. Nikahifadhi mipangilio yote ya ruta kwenye faili, mpwa akabaki na nakala.

Mama alitaka kujaribu hapohapo. Akiwa kwenye waifai ya nyumbani akaingiza IP ya nje kwenye programu ya kamera, ikakataa, akanitazama kwa masikitiko. Zipo ruta za nyumbani zisizoweza kumtoa mtu wa ndani nje na kumrudisha ndani kwa anwani ileile ya nje. Kipimo cha kweli ni kutoka nje, kwa hiyo azime waifai atumie data. Akazima, geti likaonekana. Akiwa nyumbani atumie .250 moja kwa moja.

Kuna jambo moja sikuitiwa, na nisingeweza kuondoka bila kulisema. Nilipoingia kwenye DVR, nenosiri lilikuwa lile la kiwandani. IP ya kudumu pamoja na poti iliyo wazi maana yake mashine hiyo inaonekana na dunia nzima, saa zote, mahali palepale. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai ilijaza jeshi la kamera na DVR za majumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nenosiri za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti kubwakubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote. Mbali na hayo, hizi ni kamera za uani kwa watu, ambako mama anaanika nguo na wajukuu wanacheza. Nikamweleza hivyohivyo, na akaelewa upesi kuliko alivyoelewa habari za maski.

Nenosiri tukabadilisha. Kisha, kwa kuwa ruta yenyewe ina seva ya OpenVPN, njia ya siri ya kuingilia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, ndani yake na IP haibadiliki, tukaiwasha, mpwa akamtumia mjomba wake faili la kujiungia, na uelekezaji wa poti za DVR tukaufuta wote. Sasa kaka anajiunga kwanza na nyumba kwa ufunguo wake, ndipo anafungua 192.168.1.250 kama aliyeko sebuleni. Alilalamika kidogo kwamba ni hatua moja zaidi. Dada yake akamjibu kwa sauti ya WhatsApp, na sidhani atalalamika tena. Kile kifaa cha kuongeza waifai nimewashauri wakirudishe dukani kama risiti ipo. Kama haipo, kifungwe chumba cha uani, huko mnara kweli unapungua.